Kifaa gani cha kusomea ununue kama vitabu unaazima maktaba

Kabla hujaanza kulinganisha vioo na memori, jua kwanza maktaba yako inaazimisha vitabu vya kidijitali kwa kutumia programu gani. Wengi wananunua kifaa alafu ndo wanakuja kuuliza mbona kitabu hakifunguki, kumbe kitabu cha kuazima kina kufuli ya kidijitali, mara nyingi ya Adobe, inayokifunga muda ukiisha (wiki mbili tatu hivi), na si kila kifaa kinaielewa hiyo kufuli.

1. Kobo
Kama maktaba yako iko OverDrive (kampuni inayoziwezesha maktaba kuazimisha vitabu vya kidijitali), ambao ndo hao hao wenye programu ya Libby, mi nasema chukua Kobo. Unaingia na kadi ya maktaba humo humo kwenye kifaa, unatafuta kitabu, unaazima, kinashuka kwa wifi basi, mambo ya kompyuta na waya hakuna. Ila hakikisha kwanza huduma hiyo ipo nchi uliyopo maana si kote imefunguliwa, na isipokuwepo itabidi upitie programu ya Adobe Digital Editions kwenye kompyuta, inawezekana ila inachosha.

Kobo ya Clara BW inatosha kabisa, inchi 6, nukta 300 kwa inchi, na maji haiyaogopi. Za rangi sijui watu wanazikimbilia nini, kwenye rangi nukta zinashuka mpaka 150 na kioo kinafifia kidogo, sasa riwaya ya maandishi matupu rangi ya nini? Libra Colour naielewa kwa sababu ya vitufe vya pembeni vya kugeuzia kurasa, ukisoma umelala ubavu utavipenda. Vitabu vya kusikiliza vya kuazima havichezi kwenye Kobo, hivyo sikiliza kwenye simu.

2. Boox
Hii ni Android yenye kioo kinachofanana na karatasi (e-ink), kwa hiyo unaweka Libby, BorrowBox, chochote maktaba yako inachotumia. Ukiwa na kadi za maktaba mbili zenye programu tofauti hii inaipita Kobo. Tatizo betri inaisha haraka zaidi, mipangilio ni mingi mno, na programu zenyewe zimetengenezwa kwa ajili ya simu so kurasa zinaacha vivuli mpaka uchezee mipangilio.

3. PocketBook
Unaingiza akaunti ya Adobe kwenye kifaa chenyewe, faili la acsm ulilopewa na maktaba unaligusa na kitabu kinashuka. Inafaa kama maktaba yako inatoa mafaili tu.

Na Kindle je?
Inategemea kadi. Kutuma kitabu kutoka Libby kwenda Kindle kunakubali kwa maktaba za Marekani tu, ipo hivyo tangu 2011. Ukiwa nayo hiyo kadi, Kindle inakuwa sawa na Kobo kabisa. Huna, achana nayo kwa kazi hii, EPUB (aina ya faili la kitabu) yenye kufuli ya Adobe haifungui, na Send to Kindle, yaani huduma ya kutuma mafaili kwenye Kindle, inapokea zisizo na kufuli tu.

Kwa wanaotafuta used, Kobo ya kwanza kuwekewa OverDrive ni Aura ONE ya 2016, kwa hiyo mashine ya zamani sana ulizia kama menyu ya OverDrive ipo, na mwambie muuzaji atoe akaunti yake mbele yako kabla hujalipa.