NeoNatalie: mwanasesere wa kufundishia dakika ya kwanza ya kichanga

Usimtoe kwenye begi ukaanza naye hivyo hivyo. Akiwa mtupu ni mfuko mwepesi wenye umbo la mtoto. Mtie lita 2 za maji ya uvuguvugu ndipo anapata uzito wa kichanga, shingo inalegea, na anayejifunza analazimika kukishika kichwa kama atakavyokishika leba.

Laerdal ya Norwei ilimtoa mwaka 2010 kwa ajili ya mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaani kumsaidia kichanga asiyepumua anapozaliwa. Mkufunzi anabinya vipira: kitovu kinadunda, kifua kinapumua, au mtoto analia. Kwa daktari anayeanza kusomea ubingwa wa watoto, hiki ndicho kifaa cha kushika kabla ya zamu yake ya kwanza ya usiku.

Mahali anapofundisha vizuri ni kwenye kosa. Unabinya ambu (mfuko wa kupulizia hewa kupitia barakoa), kifua kimetulia tuli. Mara nyingi barakoa inavujisha pembeni ya pua, kwa hiyo ikalishe upya. Bado? Tazama shingo: wengi huisukuma nyuma mno wakidhani wanafungua njia ya hewa, kumbe wanaibana, inyooke kidogo tu, pua ielekee juu. Kisha safisha kinywa, kiache wazi kidogo, binya kwa nguvu zaidi. Mwendo ni pumzi 40 kwa dakika. Barakoa namba 1 ni ya aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia, namba 0 ya njiti.

Kasoro anazo. Rangi haibadiliki, na haonyeshi presha unayotumia, kwa hiyo mwenye mkono mzito anasifiwa alimradi kifua kimepanda. Mapigo yako mkononi mwa mkufunzi. Akizubaa, zoezi limekufa. Toleo la NeoNatalie Live linalounganishwa na tableti linatoa majibu ya upuliziaji wenyewe, nalo ndilo tungependekeza kwa hospitali ya kufundishia ikiwa bajeti inaruhusu. Kuingiza mpira wa hewa kooni, tafuta mwanasesere mwingine.

Ila usimnunue kwa ajili ya semina. Hospitali ya Haydom, Manyara, ilipima jambo hili: mafunzo ya siku moja yaliinua ufundi mbele ya mwanasesere, lakini miezi 7 baadaye huduma leba haikuwa imebadilika. Walipoanza mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, na marudio ya dakika 40 kila mwezi, vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilishuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila 1,000.

Basi akae leba, mezani, karibu na ambu ya mazoezi. Kabati la ofisini lenye ufunguo mmoja halimfai: msimamizi akienda likizo, naye yuko likizo. Mkimaliza mwageni maji yote na kumkausha, la sivyo ataota ukungu ndani.