Pointi za hoteli Kigoma: kitanda nimepata, kuhe nimelipa

Kwa wanaouliza kama zile pointi za hoteli zina maana yoyote huku mwisho wa reli: zina maana, ila zinalipia kitanda tu. Karibu vyote vilivyofanya wikiendi yetu iwe tamu vilitoka mfukoni, na kimoja hakiuzwi popote.

Naishi Tabora, na kazi inanipeleka Kigoma mara kwa mara. Kwa sisi watu wa safari za kikazi habari ya malazi huwa fupi: unapewa posho, unatafuta gesti safi pale Mwanga, kinachobaki kinakwenda kwenye ada za watoto. Shida yangu silali penye muziki, na gesti nyingi nilizojaribu zina baa ukutani. Basi nikajizoeza kulala kwenye hoteli moja ndogo upande wa ziwani. Vyumba vyake havifiki ishirini, kila kimoja kimepambwa kivyake, na usiku unasikia maji. Wenzangu wamenicheka sana kwamba posho yangu inaishia kwenye mashuka.

Hoteli hiyo ina utaratibu wa pointi. Unajiandikisha kwa namba ya simu. Kila shilingi elfu moja unayolipia chumba inakupa pointi moja, chakula hakihesabiwi. Chumba cha kawaida ni shilingi 90,000, au pointi 900. Piga hesabu mwenyewe: umelipia usiku kumi, wa kumi na moja unapewa. Mtu mwenye mdomo mzuri anaweza kupata punguzo kubwa kuliko hilo pale mapokezini siku ambayo hakuna wageni, na nimewashuhudia. Ila punguzo la mdomo linamezwa na posho, kesho yake hulikumbuki. Pointi zinakaa mahali ambapo huwezi kuzila, na siku ukikuta zimejaa unajiona kama umeokota.

Zangu zilipofika za kutosha usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, nikamwambia mke wangu tufunge mizigo. Barabara ya Urambo, Kaliua hadi Uvinza tunaijua, sina la kusimulia.

Sasa sikilizeni. Vyumba vya hoteli hii havina namba, vina majina ya samaki wa Tanganyika. Vya mbele, vyenye baraza linalotazama ziwa, ni akina Kuhe, Sangala na Mgebuka. Vya nyuma, vinavyotazama jiko na tangi la maji, vyote ni Dagaa: Dagaa wa Kwanza, Dagaa wa Pili, na kuendelea. Mimi siku zote nikilipa ile 90,000 nalazwa Mgebuka. Safari hii dada wa mapokezi akatupokea kwa furaha zote, "Kaka, leo umetuletea wifi yetu!", kisha akanikabidhi ufunguo wenye kibao cha Dagaa wa Tatu.

Mke wangu akakisoma kile kibao. "Kwa hiyo wifi, mimi mnanilaza na dagaa?"

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Dada akatoa karatasi ya masharti na kweli imeandikwa: pointi ni kwa chumba cha kawaida kitakachopangwa na hoteli. Haya. Lakini chumba cha kawaida cha mtu mwenye noti kiko mbele, cha mtu mwenye pointi kiko nyuma, na mtu huyo ni yuleyule, namba ya simu ileile. Kama pointi ni shukrani kwa mteja, mbona mteja anashukuriwa kwa kupelekwa jikoni? Meneja hakuwepo mpaka Jumatatu. Tukaambiwa tukiongeza 20,000 kwa kila usiku tunapata Kuhe, kilicho bora kuliko vyote. Nikalipa kwa simu palepale mapokezini, nimenuna.

Kuhe kilininunua tena baada ya dakika kumi. Kitanda ni cha mninga, kizito, hakilii ukigeuka. Chandarua ni kile cha duara, kimewahi kuchanika pindoni na mtu mwenye mkono mzuri amekishona kwa uzi wa bluu; mbu hapiti, na mimi napenda zaidi hoteli inayoshona kuliko inayoacha tundu na kukuwekea dawa ya kupuliza. Bafuni hakuna vile visabuni vya karatasi. Wamekata mche wa sabuni ya mawese kwa kisu, kingo bado kali, wakaufunga ukili katikati. Unatoa povu zito na unanukia kama jiko la bibi. Kilichobaki kiliondoka na sisi kwenye mkoba wa mke wangu, mwenye hoteli anisamehe. Maji ya moto yanachelewa, fungua bomba kwanza ndipo uanze kuvua viatu. Intaneti ipo barazani, chumbani inakatika.

Lakini baraza! Kigoma iko ukingo wa mashariki, kwa hiyo jua linazama mbele yako, upande wa Kongo. Na linachelewa. Inapokaribia saa moja jioni, Dar giza limeshaingia, hapa ndio kwanza jua linaigusa milima ya ng'ambo. Mhudumu aliyetuletea chai alituonyesha kwa kidole bandari ilipo, akaanza habari za meli ya Liemba, ambayo picha yake imetundikwa juu ya kitanda: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isitekwe, wakiwa wameipaka mitambo grisi ili isiharibike, na Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Anaisimulia kana kwamba alikuwepo.

Kile nilichosema hakiuzwi ni giza. Niliangalia kalenda ya mwezi kabla ya kupanga tarehe, na nawashauri mfanye hivyo kabla hata ya kuuliza bei. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwanga unawavuta dagaa juu, nyavu zinawangoja. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina nguvu, hivyo wavuvi wengi wanapumzika na kutengeneza nyavu. Ukija siku hizo utaona ziwa zuri, tupu. Sisi tulikuja mwezi haupo, na kufika saa tatu ziwa lote lilikuwa na taa, nyingine karibu kiasi cha kusikia injini, nyingine mbali hujui kama ni mvuvi au nyota. Mke wangu alikataa kuingia ndani. Ukilala Dagaa wa Tatu huoni hata moja, unaona mpishi akimwaga maji.

Na giza ndilo linaloamua sahani pia. Tabora dagaa wa Kigoma tunawapata wakavu, unawachambua, unawaosha kwa maji ya moto, ndio mboga yetu. Asubuhi ya Jumamosi tuliletewa wabichi, waliovuliwa usiku uleule, wamekaangwa wakakauka kama bisi, pamoja na mihogo ya kuchemsha na ndimu. Baada ya hapo chapati sikuzigusa. Lakini kumbuka: kifungua kinywa cha pointi ni cha mtu mmoja. Wa pili ni shilingi 10,000 kila asubuhi, na hilo halimo kwenye karatasi, nilisoma mara mbili.

Chakula cha jioni ni kuhe wa kuchoma. Unapelekwa kwenye boksi la barafu uchague mwenyewe, bei inategemea ukubwa, wetu alikuwa 35,000 na alitushinda. Analetwa na ugali wa muhogo na mchuzi wa nyanya uliotiwa mawese kidogo. Subira inahitajika, zaidi ya saa nzima, kwa hiyo agiza kabla ya kuoga. Mwenye kupanga safari katikati ya mwaka aulizie kwanza habari za uvuvi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na huwezi kumlaumu mpishi kwa hilo.

Mchana wa Jumamosi tulichukua bajaji hadi Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, pale Stanley alipomkuta mwaka 1871. Panatosha saa moja. Kuna miembe wanayoisifu, lakini watu wa Tabora hatuoneshwi miembe, na mke wangu alimkumbusha mwongoza wageni kwamba wazee wale wawili waliondoka hapo wakaja hadi kwetu Kwihara. Gombe, ile hifadhi ya sokwe, hatukwenda. Boti ya kukodi kupitia hoteli ni ghali kwa watu wawili, na ile ya abiria kutoka Kibirizi haikuendana na muda wetu.

Umeme ulikatika usiku wa Jumamosi. Jenereta likawaka mara moja, sifa kwao, na nikagundua limefungwa wapi: nyuma kabisa, dirishani kwa akina Dagaa. Asubuhi mgeni wa Dagaa wa Pili alikuja kunywa chai macho mekundu. Nikamuuliza kama naye amelipa kwa pointi. Akasema ndiyo.

Wakati wa kuondoka, nyongeza ya chumba, chai ya mke wangu, kuhe na soda vilivuka laki moja, kwa wikiendi ambayo nilikuwa nimeitangaza nyumbani kuwa ya bure. Bila pointi ningeongeza 180,000 juu yake, kwa hiyo sisemi nimepata hasara. Nasema tu kwamba ukitaka kuzitumia, taja jina la samaki kabla pointi hazijakatwa, na uombe wakuandikie kwenye ujumbe wa simu. Zikishakatwa hazirudi hata ukighairi. Meneja nimemwandikia kuhusu ubaguzi wa noti na pointi, bado hajajibu. Huduma ya wale dada na mhudumu wa chai naipa alama zote, masharti yao nayapa nusu.

Pointi zilizobaki kwangu hazitoshi hata Dagaa. Mke wangu, wakati nahesabu chenji, alikuwa anajiandikisha kwa namba yake. Ameshaniambia kuwa safari zangu za kazi zijazo chumba kilipiwe kwa jina la wifi.