Seek: Programu ya Simu Iliyowatoa Wanangu Nje

Habari zenu wazazi wenzangu, na walimu wote mnaonifuatilia. Wakubwa zangu, shikamooni.

Leo nimewaletea programu ya simu inaitwa Seek. Kazi yake ni kumsaidia mtoto kutambua mimea, wadudu, ndege na wanyama wanaomzunguka. Nimeitumia mwezi mzima na wanangu wawili, wa miaka 7 na wa miaka 10, hapa hapa nyumbani Mbagala.

Angalieni kwenye skrini, naifungua. Mnaona? Haitaki barua pepe wala jina, na matangazo hayamo. Ni ya bure. Ilitoka mwaka 2018, na walioitengeneza ni wale wale wa iNaturalist, ule mtandao mkubwa ambao watu duniani kote wanaweka picha za viumbe walivyoviona. Kule kwenye iNaturalist kufungua akaunti mwenyewe bila ruhusa ya mzazi mpaka uwe umefikisha miaka 13, ndiyo maana wakatoa hii inayowafaa wadogo. Mimi kama mama, hilo la kutokusanya taarifa za mtoto nimelipa uzito mkubwa sana.

Sasa twende uani. Nawasha kamera, naelekeza kwenye mwarobaini huu. Tazameni hapo juu, kuna vidoti saba. Kimoja kinajaa, cha pili, cha tatu... Ni zile ngazi tulizofundishwa kwenye Baiolojia, kuanzia himaya, yaani kundi kubwa kabisa, mpaka spishi, yaani aina yenyewe ya kiumbe. Vikijaa vyote, jina la kitaalamu linatokea: Azadirachta indica.

Hivyo vidoti ndivyo vilivyonifanya niipende. Mtoto akiona vimegota kwenye cha nne, hakubali. Anasogea karibu, anageuza jani aone mgongo wake, anatafuta ua, anazunguka mti. Bila kumwambia "chunguza", anachunguza. Mwanangu mdogo siku moja aliniuliza mbona majani ya mwarobaini yana meno pembeni na ya mwembe hayana. Mimi nimeishi na miti yote miwili tangu utotoni na sijawahi kuliangalia hilo.

Halafu kuna kinyonga. Mnajua watoto wetu wanavyomfanyia kinyonga: wakimwona ni mawe, eti ana sumu. Alipotokea kwenye ua wetu nikawaambia simameni mbali kidogo, mpigeni kwa kamera. Ikaja Chamaeleo dilepis. Tukakaa pale karibu nusu saa tukitazama jicho moja linaangalia mbele na lingine nyuma. Sumu hana, jamani. Sasa hivi wanangu ndio wanaowazuia watoto wa jirani wasimrushie mawe.

Na kunguru! Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliojaa Dar es Salaam nzima ni Corvus splendens, asili yao Bara Hindi. Walifikishwa Zanzibar miaka ya 1890, wakasambaa pwani yote, na wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua na shingo nyeupe. Mwanangu mkubwa alipojua hivyo alianza kuwahesabu asubuhi akienda shule. Weupe ni wachache mno.

Mapungufu yake sasa. Seek imejifunza kutokana na picha za watu, na picha nyingi zinatoka Marekani na Ulaya. Kwa hiyo mdudu wa kwetu mara nyingi atafikishwa kwenye familia au jenasi tu, yaani kundi lake bila spishi yenyewe, basi. Mwambieni mtoto mapema asije akadhani amekosea. Faili lake ni zito, lipakueni penye Wi-Fi, bando litaisha. Kutambua kwenyewe kunafanyika ndani ya simu, ila maelezo ya kiumbe yanahitaji intaneti. Na hili nalisema kwa msisitizo: uyoga au tunda la porini lisiliwe kwa sababu simu imetaja jina. Hapana kabisa.

Kwa ndege, ongezeni programu ya Merlin ya Cornell Lab, kituo cha utafiti wa ndege kule Marekani. Nayo ni ya bure, unapakua orodha ya ndege wa eneo lako, kisha inakuuliza ukubwa, rangi, na alikuwa anafanya nini. Nzuri, ila kwa mtoto wa miaka 7 lazima ukae naye.

Kitu ninachowaomba sana mkifanye ni hiki: nunueni daftari la kawaida la mistari. Jina la kitaalamu litatoka kwenye simu, lakini la Kiswahili mtoto alitafute kwa watu. Wanangu wanampigia bibi yao simu kila Jumamosi kumsomea walichokiona. Wiki iliyopita bibi aliwataja majina matatu ya majani ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia, na akawaambia lipi huliwa na lipi ni dawa ya mbuzi. Yote yameandikwa humu, oneni, na michoro yao.

Ukurasa huu wa kinyonga bado una nafasi. Nasikia Zanzibar wako wanaomwita lumbwi. Kwenu mnamwitaje? Niandikieni hapo chini pamoja na mahali mlipo, jioni tutakaa na watoto tuyanakili.