Mkebe upi ununue? Ushauri kwa wauza bizari, kahawa na mafuta wa Lamu

Katoni yangu ya kwanza ya mikebe ilipanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikamalizia safari juu ya punda. Nilikuwa nimeagiza mikebe ya nusu lita, na lebo nimeshazichapisha: "Bizari ya pilau, gramu 500". Nikajaza mkebe mmoja mpaka ukingoni, nikauweka kwenye mizani. Gramu 230. Lebo zile watoto wanazichorea nyuma hadi leo.

Lita ni nafasi, kilo ni uzito. Bibi zetu waliopima kwa kibaba na pishi walilijua hilo bila kufundishwa: kibaba cha mchele na kibaba cha unga havilingani mizanini. Gramu 100 za kahawa ya kusaga hutaka mkebe wa mililita 250 au zaidi kidogo. Gramu 100 za mafuta ya nazi huchukua kama mililita 110. Asali ni nzito, gramu 100 zinatosha kwenye mililita 70 hivi.

Muuzaji akikupa sentimita tu, chukua nusu ya upana wa mkebe, izidishe kwa yenyewe, kisha mara 3.14, kisha mara kimo. Mkebe wa upana wa sentimita 8 na kimo cha 10 ni kama mililita 500. Ukiwa nao mkononi, ujaze maji na upime: gramu za maji ndizo mililita zake. Halafu jaza bidhaa yako, ugongegonge mezani mara tano sita, uongeze. Bizari hushuka njiani, na mteja akifungua akaona robo tupu atajua umempunja, hata kama uzito umetimia. Na uzito wa kwenye lebo ni wa bidhaa peke yake, bila bati.

Kwangu mimi wa kwanza ni mililita 250, na wa pili uko mbali nyuma. Unabeba gramu 100 na ushei za bizari, au kahawa ya tangawizi ya kumtosha mtu wiki kadhaa. Wiki hizo ndizo hesabu yenyewe. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Kila mfuniko ukifunguliwa unyevu unaingia, na mkebe uliobaki nusu unakuwa na hewa nyingi kuliko bizari. Mkebe mkubwa wa nyumba ya watu wawili huishia na madonge. Bora arudi dukani kwako akiwa na hamu.

Wa pili ni mililita 100, ule bapa wa mfuniko wa kuzungusha, kwa udi na mafuta. Wageni wanaopanda ndege za ng'ambo huupenda, kwa kuwa viwanja vingi haviruhusu kubeba mkononi chombo cha kioevu kinachozidi kiasi hicho, na asali nayo huhesabiwa kioevu. Lakini angalia: mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Lamu ni nadra kukuta baridi ya kuyagandisha. Mfuniko usio na mpira ndani utavuja mkobani. Kama mikebe yenye mpira haipatikani, chukua chupa.

Nusu lita ni wa tatu: gramu 200 za kahawa, majani ya chai, au kashata za zawadi. Lita 1 uagize tu kama una hoteli inayochukua kila wiki. Lita 5 na debe ni vya ghalani, si vya rafuni.

Wa mwisho kabisa naweka mililita 60. Unapendeza, lakini bati lake linakula faida yote.

Umbo nalo lina gharama. Mikebe tupu ni hewa unayoilipia nauli, na ya duara huacha zaidi ya sehemu moja kwa tano ya katoni bila kitu. Ya pembe nne hukaa vizuri zaidi, ila bizari hujificha kwenye kona na kijiko hakiifikii. Mimi nimebaki na duara.

Achari usiitie kwenye bati lisilopakwa kitu ndani. Ndimu na chumvi vitalila. Asali vilevile ina asidi, inataka mikebe iliyopakwa ndani laka, yaani rangi ya kukinga bati. Na mkebe wa kufunika kwa mkono si kopo la kiwandani, kwa hiyo samaki na nyama usivifikirie.

Kabla ya kuagiza katoni nzima, nunua mmoja. Uache darini wiki mbili upigwe na upepo wa kusi, kisha tazama mshono wa ubavuni na ukingo wa mfuniko. Kutu huanzia hapo.