Free Jazz ya Ornette Coleman: vaa hedifoni kwanza

Aisee hii albamu watu wengi wanaikimbia dakika ya kwanza tu, wanasema kelele, na nawaelewa maana wapulizaji wote wanne wanaingia kwa pamoja kila mtu na lake mpaka unahisi kuna kitu kimeharibika. Ila kwangu kwenye jazi huru, yaani jazi ambayo wapigaji wanabuni palepale bila kufuata mpangilio wa kawaida, hii ndo namba moja, na sababu kubwa ni jinsi ilivyorekodiwa.

Ni New York, 21 Desemba 1960, ikatoka mwaka uliofuata chini ya kampuni ya rekodi ya Atlantic. Coleman alichukua bendi mbili za watu wannewanne akazipigisha kwa wakati mmoja, moja iko kushoto kwa stirio nyingine kulia, kwa hiyo ukiisikilizia kwenye spika ya simu hujasikia kitu bado. Vaa hedifoni. Kushoto unampata Coleman mwenyewe na saksofoni, Don Cherry na katarumbeta kake kadogo, Scott LaFaro kwenye besi na Billy Higgins kwenye drams, halafu kulia yupo Eric Dolphy na klarineti ya besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Charlie Haden kwenye besi na Ed Blackwell kwenye drams. Hebu toa sikio moja uone, upande unaobaki bado ni bendi kamili inayotembea vizuri tu!

Wimbo ni mmoja, dakika 37 hivi, kwenye sahani ya santuri ilibidi waukate katikati. Wanapokezana solo, anaanza Dolphy, akimaliza anakuja Hubbard, Coleman ndo anakaa muda mrefu kuliko wote na hapo ndo patamu sasa, maana wenzake hawamuachii aongee peke yake, wanadakia, wanamjibu, wanachombeza kama wazee barazani. Ninayoirudia sana mimi ni ile ya besi mbili baada ya Cherry, tarumbeta na saksofoni kimya, Haden anabaki chini na sauti nzito, LaFaro anakimbia hukooo juu, na yule kijana alikufa kwa ajali ya gari Julai 1961 ana miaka 25 tu, inauma sana.

Drams za mwishoni naona zimerefuka kidogo. Na kama ni mgeni na haya mambo tafuta toleo la CD, wameongeza lile jaribio lao la kwanza la dakika 17, anzia hilo kwanza ndo uje kwenye hili refu.