Jioni ya mwezi mpevu Mbezi Beach: mashairi hayana shida, spika ndiyo tatizo

Kiingilio shilingi 20,000, ndani yake soda moja na mkeka wa kukalia. Ndiyo bei ya ile jioni ya mashairi inayofanyika ufukweni Mbezi Beach, Dar es Salaam, kila mwezi ukipevuka. Safari hii waandaaji walisoma mashairi ya watawa wa kale wa Zeni, tawi la dini ya Kibudha, wa Japani, kwa Kiswahili, tafsiri wamefanya wenyewe. Watu wananiuliza kama panafaa. Panafaa, ila kaa mbali na spika.

Nianze na kero. Mshereheshaji wao hajui kunyamaza. Lilisomwa shairi la Ryōkan, mtawa aliyefariki mwaka 1831 baada ya kuishi miaka mingi kwenye kibanda mlimani. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba mwizi aliingia kwake akakosa cha kuiba, mtawa akaona aibu kumwacha aondoke mikono mitupu, akamvulia nguo zake. Halafu akatunga: mwizi ameusahau mwezi, uko palepale dirishani. Basi, limekwisha. Watu wakaangua kicheko, hasa sisi tuliowahi kukwapuliwa simu. Mara jamaa akadaka maiki: "Ndugu zangu, hapa tunajifunza nini?" Tukaanza kuhubiriwa kwamba mali si kitu. Jamani! Huyo ni mtu aliyekaa uchi kwenye baridi, anatania. Ukimgeuza mhubiri umemwibia mara ya pili. Na wenye Zeni wenyewe wana msemo wa zamani kwamba kidole kinachoonyesha mwezi si mwezi. Sisi tulipewa kidole chenye maiki.

Chakula ni cha kawaida. Niliagiza dagaa, mhudumu akanishangaa: "Dada, dagaa utawapata wapi na mbalamwezi hii?" Kweli bwana. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani. Mwezi ukiwaka hivi taa haziwavuti, na vyombo vingi havitoki. Nikala mihogo ya kukaanga na pilipili, ya moto, chumvi imekolea. Katika jioni nzima ya kuusifu mwezi, ni mhudumu huyo tu aliyeutaja kwa hasara yake.

Sasa kilichonifanya nisiijutie hela yangu. Siku za mwezi mpevu ni za bamvua, yaani bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Huku kwetu maji hujaa alasiri, na kufika saa tatu usiku yameshakupwa mbali, yameacha madimbwi kwenye miamba na mchangani. Binti mmoja, msomaji wa mwisho, aliiacha maiki mezani akatuambia tumfuate chini. Tukasimama kati ya madimbwi, akasoma kipande cha Dōgen, mtawa mwingine wa Zeni, cha mwaka 1233: mwezi ukikaa ndani ya maji, mwezi haulowi na maji hayavunjiki, mwezi mzima na mbingu nzima huenea katika tone moja la umande. Alisoma taratibu, mara mbili, hakuongeza neno.

Watu wakainama. Kila dimbwi lilikuwa nao, hata kale kadogo kama kisosi karibu na mguu wangu. Mzee mmoja akakanyaga dimbwi lake kwa ndala makusudi, mwezi ukakatikakatika vipande, akasubiri mpaka ukajikusanya, akakanyaga tena. Mkewe: "Baba nanihii, utateleza." Hakuna aliyeelezwa chochote, na sikuona aliyeachwa nyuma.

Nilitamani waongeze Chiyono, mtawa wa kike ambaye inasimuliwa kwamba alikuwa amebeba ndoo kuukuu ya maji usiku wa mwezi, kitako kikachomoka. Maji hakuna tena, mwezi hakuna tena, na hapo ndipo alipozinduka. Bila huyo, jioni inabaki tamu mno, utadhani watawa hawa kazi yao ilikuwa kufurahia mandhari. Waandaaji wanaogopa mashairi yanayokunyang'anya kitu.

Kwa anayetaka kwenda: shuka kituo cha Africana, chukua bodaboda, patana bei kabla ya kupanda. Vaa viatu vya kufunga, miamba ina makali. Nenda na kanga, upepo wa usiku hauna adabu. Tochi ya simu izime ukishuka kwenye maji, maana waliowasha walituharibia wenzao. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne wataipata siku watakapomkabidhi yule binti ratiba yote.