Menuconfig mbele ya Cortex-A72: tathmini ya menyu ya kusanidi kerneli ya Linux

Kwa wiki tatu nimekuwa nikitumia menuconfig, yaani menyu ya kusanidi kerneli ya Linux (sehemu ya msingi ya mfumo endeshi, inayosimamia maunzi) kabla ya kuiunda, kwa kazi moja mahususi: kuiandalia Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, kerneli yake yenyewe, isiyobeba mizigo ya bodi nyingine na inayolingana na prosesa iliyomo ndani yake. Bodi hiyo ina chipu ya BCM2711 yenye viini vinne vya Cortex-A72, prosesa iliyobuniwa na kampuni ya Arm, na yangu ina memori ya GB 4. Kuunda kerneli juu ya bodi yenyewe kunawezekana lakini huchukua saa nyingi, kwa hiyo niliiunda kwenye laptopu yenye prosesa ya jamii ya x86, ile ya Intel na AMD. Tathmini hii basi inaihusu menyu, na hasa namna inavyomhudumia mtu ambaye mashine anayoiandalia kerneli siyo ile iliyo mbele yake.

Menuconfig haipakuliwi peke yake. Inakuja ndani ya msimbo chanzo wa kerneli. (Wanaonunua bando kwa GB wakumbuke kuongeza --depth=1 wanapouchukua kwa git, la sivyo watashusha historia nzima ambayo hawataisoma kamwe.) Nyuma yake kuna Kconfig, lugha ya kueleza machaguo na jinsi yanavyotegemeana, iliyoandikwa na Roman Zippel na kuingizwa katika toleo la 2.5.45 mwaka 2002. Ziko sura nyingine, yaani nconfig, xconfig na gconfig, lakini zote husoma maelezo yale yale na kuandika matokeo katika faili lile lile la .config, hivyo kuchagua kati yake ni suala la mazoea. Mimi nilibaki na menuconfig kwa sababu inafanya kazi kwenye terminali tupu, hata kwa ssh, na haihitaji mengi zaidi ya maktaba ya ncurses. Kila chaguo hupewa y ili liingie ndani ya kerneli, m ili liwe moduli ya kupakiwa baadaye, au n ili liachwe. Sifa yake bora ni utafutaji: ukibonyeza alama ya mkwaju na kuandika sehemu ya jina, menyu inakuonyesha chaguo lilipo, linategemea nini, limelazimishwa na chaguo gani jingine, na inakupa namba ya kubonyeza ili ufike hapo moja kwa moja. Kwa kuwa machaguo yote ya kerneli yanazidi elfu kumi, bila kitufe hicho ningeikatia tamaa kazi hii siku ya kwanza.

Kasoro yake kubwa ni kwamba uamuzi mzito kuliko yote haumo ndani ya menyu. Usanifu wa prosesa huchaguliwa nje, kwenye mstari wa amri, kwa kuandika ARCH=arm64 (Arm ya biti 64) pamoja na CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- (kompaila inayotafsiri msimbo kwa prosesa hiyo), na maneno hayo yanapaswa kurudiwa katika kila amri ya make, programu inayoendesha uundaji, inayofuata, mpaka ile ya mwisho ya kusimika moduli. Ukiyasahau, huulizwi kitu. Make inachukulia kwamba unaiundia kerneli mashine unayoitumia wakati huo. Siku ya pili niliyasahau. Menyu ilifunguka kama kawaida, nikabadilisha chaguo moja dogo la mtandao, nikahifadhi na kutoka, na faili la .config lililokuwa la arm64 likaandikwa upya kuwa la x86, machaguo yaliyoihusu Arm peke yake yakiwa yametoweka. Kosa lilikuwa langu, na nashukuru kwamba programu huacha nakala ya awali katika .config.old, lakini onyo pekee nililopewa lilikuwa kichwa cha skrini, ambacho kilisomeka Linux/x86 badala ya Linux/arm64, na ni nani asomaye kichwa cha skrini aliyoifungua mara ishirini? Tangu siku hiyo natumia terminali moja maalumu ambamo vigeu hivyo viwili vimeshawekwa kwa export, na kichwa nakisoma.

Baada ya hapo linakuja suala la pa kuanzia, maana hakuna anayejibu maswali elfu kumi moja baada ya jingine. Kwa Arm ya biti 32, folda ya arch/arm/configs ina mafaili mengi ya kuanzia, mengi yakiwa ya familia moja ya chipu kila moja. Arm64, iliyoingia Linux katika toleo la 3.7 mwishoni mwa 2012, ilikuja na nidhamu tofauti: katika mti mkuu wa msimbo wa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kuna defconfig (faili la usanidi wa kuanzia) moja inayolenga bodi zote, wakati mti unaotunzwa na watengenezaji wa Raspberry Pi unaongeza bcm2711_defconfig iliyokwisha kupunguzwa. Nilijaribu njia zote mbili. Ile ya mti mkuu inafundisha zaidi, kwa sababu ukifungua sehemu ya majukwaa, yaani familia za chipu, unakuta Rockchip, Qualcomm, Tegra, Allwinner na wenzao wote wamewekewa alama, na kila unapomwondoa mmoja, viendeshi vilivyomtegemea yeye tu vinatoweka vyenyewe kutoka menyu nyingine kumi usizozigusa. Hapa Kconfig inafanya kazi ambayo binadamu angeikosea. Jambo la kuangalia ni kwamba jukwaa la kubakiza limeandikwa BCM2835, ambalo ni jina la chipu ya Raspberry Pi ya kwanza kabisa. Ni mpaka ufungue maelezo ya msaada ndipo unapoona kuwa BCM2711 imo humo.

Mahali menyu ilipoanguka mtihani wangu ni kwenye ukubwa wa kurasa za memori, yaani vipande ambavyo kerneli huigawa memori. Inatoa nafasi tatu, KB 4, KB 16 na KB 64, zikiwa zimepangwa sawasawa kana kwamba zote ziko mezani. Raspberry Pi 5, yenye Cortex-A76, ina bcm2712_defconfig inayotumia KB 16, na kurasa kubwa zina faida ya kweli, kwani prosesa hupunguza safari za kutafsiri anwani za memori. Mwenye Raspberry Pi 4 akisoma mwongozo wa ndugu yake mdogo anaweza kushawishika kuiga. Lakini Cortex-A72 haina kabisa uwezo wa kurasa za KB 16. Maunzi yake yanajua 4 na 64 peke yake. Menyu hailijui hilo. Nilichagua 16 kwa makusudi ili nione kitakachotokea: hakuna onyo katika menyu, hakuna onyo kutoka kwa kompaila, kerneli iliundwa mpaka mwisho bila lawama, na nilipoiweka kwenye kadi bodi haikutoa herufi hata moja, si kwenye skrini wala kwenye waya wa serial. Sababu ni kwamba kerneli ya arm64 huiuliza prosesa kuhusu ukubwa wa kurasa mapema mno, kabla ya kuwa na njia yoyote ya kuandika ujumbe, na ikijibiwa kuwa haupo inajifungia kwenye kitanzi na kukaa humo milele. Mtu asiyejua angebadilisha kadi, kisha chaja, kisha waya wa HDMI, na mwishowe angeihukumu bodi kuwa imekufa.

Najua utetezi utakaotolewa: kerneli moja ya arm64 inaweza kukusudiwa prosesa nyingi, na menyu haiwezi kujua utaipeleka wapi. Utetezi huo naukubali nusu. Maelezo ya msaada ya chaguo hilo yanazungumzia jinsi programu za biti 32 zinavyopaswa kupangiliwa, jambo ambalo ni sahihi, lakini hayatamki kwamba zipo prosesa zisizokuwa na saizi hiyo. Mstari mmoja ungetosha. Na hata kwenye Raspberry Pi 5, ambako maunzi yanairuhusu, baadhi ya programu zilizoundwa na jemalloc, maktaba ya kugawa memori, kwa kudhani ukurasa ni KB 4 hukataa kuanza, na tiba yake ni kuandika kernel=kernel8.img katika config.txt, faili la mipangilio ya bodi, ili kurudi kwenye kerneli ya kurasa ndogo. Kwa bodi yangu, KB 4 ndilo jibu. 64 ingewaka, lakini kwa memori ya GB 4 ni kuimwaga bure, kwani faili dogo kuliko yote nalo hudai ukurasa mzima.

Machaguo jirani yake hayana mashaka makubwa. Anwani za biti 39 zinatosha kabisa na hupunguza ngazi za majedwali ya kurasa kutoka nne, ambazo biti 48 zinazihitaji, hadi tatu. Idadi ya juu ya viini inaweza kushushwa hadi 4. Kasi ya saa ya ndani ya kerneli niliiacha kwenye midundo 250 kwa sekunde.

Waliozoea x86 watashangaa kutokuta orodha ya familia za prosesa, ile iliyokuwa ikikutaka useme kama mashine yako ni Core 2, Atom au nyingine, na ambayo ukiikosea kerneli ingeweza kutowaka. Arm64 imeipita hali hiyo. Menyu zake zimepangwa kwa vizazi vya usanifu, 8.1, 8.2 na kuendelea, na sifa nyingi zilizomo huchunguzwa wakati wa kuwaka, kerneli ikijibadilisha yenyewe maagizo machache ili yalingane na prosesa iliyoikuta. Cortex-A72 ni ya 8.0, kwa hiyo haina maagizo mapya ya atomiki yaliyokuja na 8.1, lakini kuyaacha yamewashwa hakuvunji kitu. Huu ni ustaarabu ambao ningependa kuuona pia kwenye suala la kurasa. Menyu ya usimbaji fiche nayo inahitaji jicho la mwenye bodi: BCM2711 haikuwekewa maagizo ya Armv8 ya AES, njia maarufu ya kusimba data, kwa hiyo kiendeshi cha AES kinachoyategemea hakiisaidii chochote, na mwenye kusimba diski yake afadhali awashe toleo la AES linalotumia NEON (maagizo ya Arm ya kuchakata data nyingi kwa mpigo), au Adiantum, njia nyingine ya kusimba iliyoingia kerneli ya 5.0 mwaka 2019 kwa ajili ya prosesa za namna hii hasa. Raspberry Pi 5 inayo maagizo hayo. Tofauti hiyo hutaipata kwenye menyu. Utaipata kwa kusoma /proc/cpuinfo na kuona neno aes halipo.

Sehemu ya tiba za kasoro za prosesa inavutia kuisoma kama daftari la hospitali: Cortex-A53 na kasoro namba 843419, Cortex-A57, ThunderX, kila moja na maelezo marefu ya ugonjwa wake, na karibu zote zimewashwa tangu mwanzo. Unaweza kuzima zisizohusu Cortex-A72. Nilizima, nikapima ukubwa wa kerneli, nikaziwasha tena, kwa sababu tofauti haikustahili hatari ya siku kerneli hiyo itakapochomekwa kwenye Raspberry Pi 3 yenye Cortex-A53.

Kosa langu la pili halikuhusu prosesa, ingawa lilinipotezea jioni nzima. Katika harakati za kupunguza nilibadilisha ext4, mfumo wa mafaili wa kadi yangu, kutoka y hadi m, wakati situmii initramfs (mfumo mdogo wa mafaili unaopakiwa kwenye memori mwanzoni mwa kuwaka), nikasahau kwamba moduli hiyo imehifadhiwa ndani ya mfumo wa mafaili uleule ambao bila yenyewe hausomeki. Kerneli ilisimama ikilalamika kwamba haiwezi kupachika mzizi, yaani mfumo mkuu wa mafaili, na mwishoni mwa ujumbe kulikuwa na unknown-block(179,2). Namba hizo zina faida kuliko maneno: 179 ni ya kadi za MMC, maana yake kadi ilionekana na kilichokosekana ni ufahamu wa ext4. Kama zingekuwa (0,0), tatizo lingekuwa kadi yenyewe haikupatikana.

Kuna njia ya mkato iitwayo localmodconfig, inayosoma orodha ya moduli zinazotumika na kuzima nyingine zote. Kwa anayeunda kwenye mashine nyingine, orodha ichukuliwe kwa lsmod kutoka kwenye bodi na kupewa amri kupitia kigeu cha LSMOD, la sivyo utaipa Raspberry Pi viendeshi vya laptopu yako. Ilinipunguzia muda wa kuunda kwa kiasi kikubwa, na pia ilinizimia kiendeshi cha modemu ya USB ambayo siku hiyo haikuwa imechomekwa. Chomeka kila kitu kwanza.

Kuhusu kasi, kerneli niliyoipata haifanyi kazi haraka kuliko ile iliyokuja na mfumo, kwa kadiri ninavyoweza kuhisi katika matumizi ya kila siku. Nilichofaidika ni kuunda upya kwa muda mfupi, folda ndogo ya moduli, na kujua kilichomo. Anayetafuta kasi peke yake asianzie hapa.

Matokeo nayahifadhi kwa savedefconfig, ambayo huandika yale tu yanayotofautiana na chaguo-msingi, hivyo faili la maelfu ya mistari linakuwa la mamia na linasomeka. Toleo jipya la kerneli linapotoka, kila baada ya wiki tisa au kumi, kuna olddefconfig inayokubali kimya kimya chaguo-msingi la kila swali jipya, na oldconfig inayouliza moja moja. Kabla ya zote mbili natumia listnewconfig, inayoorodhesha maswali mapya bila kugusa faili, kisha naisoma orodha nikiwa na karatasi ya maelezo ya Cortex-A72 pembeni.